Sio kila chenye miiba ni kaktasi

Shikamoo. Hapa Shangani nyumbani kuna mti wa kijani hauna majani, una miiba, umefika paani. Wote wanaita kaktasi. Ndo wenyewe?

Marahaba mwanangu. Sogea karibu uangalie mwiba unapotokea, maana miiba hata mchongoma unayo. Kaktasi ina kivimbe kidogo chenye manyoya kama kidoa cha sufi, wataalamu wanakiita areoli, na miiba inachomoka hapohapo kwa fungu, hata ua linatokea hapohapo. Hata kaktasi isiyo na miiba kidoa hicho inacho. Kama wako miiba imekaa miwiliwili kama pembe za mbuzi na hamna hicho kidoa, basi huo ni jamii ya mnyaa, na ukiukwangua utatoa maziwa meupe. Ila usiukwangue, ntakwambia kwa nini.

Mnyaa hauna miiba, kwa hiyo ni kaktasi ya aina gani? (Newala)

Sio ya aina yoyote! Hili nalijibu kila mara jamani. Mnyaa ni yuforbia, ukoo mmoja na muhogo, vunja kikonyo cha jani la muhogo shambani kwako uone maziwa yanavyotoka. Kaktasi yeye ndugu zake wa karibu wako upande wa mchicha, yaani mchicha wa bustanini kwako uko karibu na kaktasi kuliko mnyaa wa uani. Zimefanana umbo tu kwa sababu zote zimezoea ukame, kila moja kwao, shina likanenepa likatunza maji na kazi ya majani likaichukua lenyewe.

Na mnaokata uzio wa mnyaa asubuhi mkiwa kifua wazi, watoto wamesimama pembeni wanaangalia, acheni. Ule utomvu ukiingia jichoni unaunguza na unaweza kukupofusha. Ukikurukia usifikiche, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, robo saa nzima au zaidi, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Mkonge wa shamba la Kikwetu, Lindi, je?

Hapana. Umetoka Mexico kweli ila ni ukoo mwingine kabisa.

Na mshubiri?

Hapana.

Nimeuziwa mche wa tunda la dragoni Masasi, muuzaji anasema ni kaktasi. Kanidanganya?

Hajakudanganya, huyo anajua anachouza. Shina lake lina pande tatu, pitisha kidole ukingoni utavikuta vile vidoa vimepangana na vijimwiba vifupi. Simika nguzo imara mapema maana unapanda na unakuwa mzito, na ua lake linafunguka usiku. Maji kiasi, ukituamisha unaozea chini.

Kwa hiyo Afrika hatuna kaktasi ya kwetu?

Swali zuri hili. Kaktasi karibu zote asili yake ni bara la Amerika, hata mpungate uliletwa na watu. Iko moja tu, Rhipsalis baccifera, inayoota porini Afrika yenyewe, hata Tanzania, inaning'inia kwenye miti ya misituni kama nyuzi za kijani, ukiiona hutaidhania kabisa kuwa ni kaktasi. Wengi wanahisi ndege ndo waliivusha bahari.

Nimetuma picha, hii ni kaktasi? (Nachingwea)

Umepigia barabarani naona uzio na mbuzi tu. Rudi ukapige mwiba mmoja kwa karibu, na shina usilivunje.