Sinema Sebuleni: Mjomba wa Laibrari Anajibu

Barua za safari hii zimejaa rimoti, machozi na mitihani. Kwa wageni wa ukurasa huu: nilikuwa na laibrari, yaani duka la kukodisha kanda za filamu, kisha sidii, hapa Ngamiani, Tanga, kwa miaka kumi na tano, mpaka flashi zilipokuja zikanifungisha duka. Nimebaki na sofa, televisheni ya inchi 32 na mdomo. Mwenzangu wa kuangalia ni dada yangu mkubwa, ambaye hufuma vitambaa muda wote na hanyanyui macho mpaka mtu apigwe.

*Shikamoo Mjomba. Nipo kidato cha sita. Vuta N'Kuvute imo kwenye orodha ya riwaya zetu, na filamu yake nimeiangalia mara mbili kwenye simu. Naweza kuingia nayo kwenye mtihani bila kusoma kitabu?*
Mvivu Mwaminifu, Iringa

Marahaba. Hapana. Nakwambia kama mtu aliyejaribu ujanja huohuo kwa kitabu kingine, mwaka ambao sitautaja.

Kitabu ni cha Shafi Adam Shafi, cha 1999. Filamu ni ya Amil Shivji, imetoka 2021. Kwenye riwaya Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa Bwana Raza, mwanamume wa umri wa kumzaa. Anamkimbia mume huyo, hadithi inapita Mombasa na Unguja, anapokelewa na shoga yake Mwajuma, na humo ndimo anamokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayewakosesha Waingereza usingizi. Filamu imewang'ang'ania Yasmin na Denge, na ina haki, maana kitabu kizima hakiingii kwenye filamu moja. Lakini msahihishaji hajali haki hiyo. Akikuuliza habari za Bukheti wa Mombasa utamwandikia nini, kwamba taa zilikuwa nzuri?

Na kweli zilikuwa nzuri. Nisisingizie, Unguja ile ya usiku imepigwa picha vizuri kuliko filamu yoyote ya kwetu niliyowahi kuikodisha. Kasoro yake kwangu ni mwendo. Kamera inatulia juu ya uso wa mtu mpaka chai yako inapoa. Mara mbili niliangalia kama umeme umekatika. Alipotokea Mwajuma ndipo dada aliweka sindano chini, na si kwa sababu kuna aliyepigwa. Anayemwigiza ni Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kwelikweli, na inaonekana hata anapokaa kimya. Ningempa Mwajuma nusu saa zaidi, nikazikate zile nyuso.

Kasome kitabu, mwanangu. Kiswahili chake peke yake ni alama tano.

*Assalamu alaykum Mjomba. Na sisi tumeiweka filamu hiyohiyo. Mama yangu ana miaka 81, kazaliwa Unguja. Kila kikionekana kichochoro anasema "simamisha!", anasogea kwenye kioo, anaanza kututajia nani alikaa wapi. Tulianza baada ya isha, tukamaliza saa saba usiku. Nifanyeje?*
Binti wa Mama, Muscat

Waalaykumu salaam. Mpe rimoti, wewe ukalale. Mama hapo anatembea mtaani kwao, Denge na Yasmin ni wapita njia tu. Ukitaka hadithi, iangalie kwanza peke yako na spika za masikioni. Usiku wa mama uwe wa mama.

Nina swali moja la umbea: mlango wa kwao aliuona? Niandikie.

*Habari Mjomba. Mume wangu hawezi kuangalia filamu isiyo na DJ Afro, yule anayesimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya sauti zake. Juzi niliweka ya Kikorea yenye maandishi chini, dakika ya kumi alikuwa anakoroma. Je, hiyo ya kutafsiriwa ni filamu au ni kelele?*
Nimechoka, Nakuru

Dada, umegusa chakula changu. Kanda za Lufufu, mtafsiri wetu wa filamu hapa Tanzania, ndizo zilizonilipia kodi ya chumba. Mteja hakuwa anataja jina la filamu wala la steringi. Aliingia, akaegemea kaunta, akasema, "Nipe ya Lufufu mpya." Akikosa ya Lufufu aliondoka bila kuaga. Kampala nako kina VJ Jingo wanafanya kazi hiyohiyo kwa Kiganda, kwa hiyo usidhani ni ugonjwa wa mumeo peke yake.

Wanadanganya? Sana. Kuna mtafsiri mmoja wa mtaani kwetu aliyemfanya Mchina aagize supu ya pweza, tena na ndimu, wakati pale mezani tunaona bakuli la tambi. Kibanda kizima cha video kilicheka, mwenye filamu asingejua. Dada yangu naye yupo upande wa mumeo: mwenye kufuma hawezi kusoma maandishi, na mtu aliyetoka kazini saa mbili usiku ni kama mwenye kufuma. Macho yake yana kazi nyingine, nayo ni kufumba.

Hukumu yangu: filamu ya mateke, mwachie DJ. Filamu ya watu kuzungumza, zima DJ, maana anawafunika. Na ukitaka kumvuta polepole, mwekee Nairobi Half Life ya 2012, ambayo sehemu kubwa ni Kiswahili na Sheng, kwa hiyo hana kisingizio. Mwas anauza DVD kijijini huku akiwaigizia wateja, anakwenda Nairobi awe mwigizaji, siku ya kwanza tu anaporwa. Joseph Wairimu alipewa tuzo ya mwigizaji bora Durban kwa kazi hiyo. Mimi ningempa kwa yale mauzo ya DVD pekee. Nimewahi kuuza hivyo, jasho lile nalijua.

*Mjomba shikamoo. Mwanangu wa miaka saba ameangalia Supa Modo, amelia mpaka kalala. Leo asubuhi kajifunga kanga shingoni, yupo juu ya banda la kuku, anasema ataruka. Hivi ile ni filamu ya watoto?*
Mama Banda, Bukoba

Marahaba. Kwanza mshushe, ndipo uendelee kusoma.

Likarion Wainaina aliitoa 2018. Jo ana miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, na kijiji kizima kinakula njama aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Mhusika ni mtoto, ila wanaolia zaidi ni watu wazima. Mimi nililia mbele ya shemeji. Dada alisema ni vitunguu, na siku hiyo tulikula wali wa nazi na maharage ya jana.

Banda lina kimo gani? Kama halipiti kiuno chako, tandika godoro, mwache aruke mara moja.