Ukipewa rejista ya Italia, uliza kwanza ya wapi

Nyie mnaoanza kazi ya kuingiza rejista za zamani za Italia, vile vitabu vya majina ya watu na koo zao, kwenye kompyuta, niwaambie kilichoniumbua wiki yangu ya kwanza. Nilikuta watu wameandikwa Russo, mwandiko wenyewe wa karani mwenye haraka, mi nikajua kakosea tu maana Rossi ndo nililokuwa nalijua, nikarekebisha kurasa tatu nzima. Msimamizi akaniuliza swali moja, hiki kitabu cha wapi? Nageuza jalada, Napoli, kusini mwa Italia. Nikarudia zote.

Rossi na Russo maana ni ileile, mwekundu, mara nyingi wa nywele, ila Rossi ni la kaskazini na kati, Russo la kusini. Chukua jina la ukoo lenye maana ya mhunzi sasa, mikoa ya kaskazini: Emilia na Lombardia ni Ferrari, Piemonte Ferrero, Veneto Favaro au Favero, na kisiwa cha Sardinia utakutana na Frau, usidhani ni Mjerumani, ni mhunzi kwa Kisardinia. Veneto hata mwisho wa jina wanaukata, Trevisan mtu wa Treviso, Visentin wa Vicenza. Ukiona Melis au Piras ujue ni Sardinia hiyo. Kule Calabria, kusini kabisa, kuna Morabito, hilo ni murabit la Kiarabu, mtu wa dini, watu wa Pwani mtalisikia kabla hamjaelezwa. Lakini hii inasaidia kwa vitabu vya zamani, Torino ya leo, mji wa kaskazini, imejaa majina ya kusini kwa sababu watu walihamia viwandani miaka ya 1950 na 1960.

Kitu kingine, "Giovanni di Antonio", hiyo di ni bin yetu. Ikiandikwa "fu Antonio" maana yake Antonio ni marehemu. Kuna mwenzetu aliingiza Fu kama jina la ukoo, kijiji kizima kikawa ndugu. Na wanawake wanaandikwa kwa ukoo wa baba zao hata wakiwa bibi wa miaka 80, usimpachike wa mume.

Halafu Esposito. Napoli, kanisa la Annunziata, palikuwa na gurudumu la mbao ukutani, mtu anaweka kichanga upande wa nje, analizungusha, anaondoka, likafungwa 1875. Hao watoto ndo waliitwa Esposito, walioachwa nje. Firenze wenzao waliitwa Innocenti, kwa jina la nyumba iliyowalea. Kwa hiyo ukifuata ukoo ukafika kwa Esposito wa kwanza, mstari wa baba umeandikwa "ignoto", hajulikani, usihangaike kubahatisha wala usiuache wazi, andika ignoto kama karani alivyoandika.