Vali ya rejeta inavuja, nimekaza kila nati

SWALI: Fundi, habari za kazi. Rejeta ya chumbani, ile ya chuma inayopasha chumba joto kwa maji moto ya boila, inadondosha maji kwenye vali. Asubuhi nakuta sakafu imelowa, lakini boila ikiwaka na rejeta ikipata moto panakauka kabisa. Nimekaza kila nati niliyoiona, wapi! Presha ya boila nayo inashuka, kila baada ya siku chache naongeza maji. Ninunue vali mpya?

JIBU: Salama, ndugu. Vali usinunue kwanza, na hiyo spana iweke chini. Huko kukauka kusikudanganye. Chuma kikipata moto hutanuka na kiungo hubana kidogo, na tone linalopenya hugeuka mvuke kabla hujaliona. Tundu liko palepale.

Zima boila, acha rejeta ipoe. Futa vali hadi ikauke, kisha zungushia kipande cha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo, kila kimoja na chake. Maji huteremka, kwa hiyo tone linaloning'inia chini huenda limetoka juu. Karatasi itakayoanza kulowa ndiyo ya kuaminiwa.

Ikiwa ni ya juu, kwenye shina unalozungushia vali, una bahati. Ile nati ndogo inayolibana shina ikaze robo mzunguko, basi. Ikiendelea kuvuja, funga vali zote mbili za rejeta. Ile ya upande wa pili, yenye kifuniko, hesabu mizunguko unapoifunga ili baadaye uirudishe ilivyokuwa, la sivyo rejeta nyingine zitakosa joto lake. Weka beseni, legeza nati inayounganisha vali na rejeta, fungua na kitundu cha kutolea hewa, maji yaishe. Sasa fungua nati ndogo, sokota tepu nyeupe ya mafundi bomba iwe kama uzi, izungushe kwenye shina, isukume ndani kwa ncha ya bisibisi, kisha rudisha nati. Vali ya kujirekebisha yenyewe, yenye namba kichwani, kwa kawaida haitengenezwi hivi. Ikivuja kwenye kile kipini cha katikati, hapo nakubali, badilisha.

Ikilowa karatasi ya kati ya vali na rejeta, tumia spana mbili: moja ishike mwili wa vali, nyingine izungushe nati. Ukitumia moja unapinda bomba, na sasa una mivujo miwili. Watu hupenda kufunga tepu kwenye nyuzi za nati hii. Haisaidii kitu, kwa sababu maji huzuiwa na nyuso mbili za chuma zinazobanana, nyuzi kazi yake ni kuzivuta tu. Ikiendelea kuvuja, funga vali na mwaga maji ya rejeta kama nilivyoeleza juu, fungua nati, nyuso hizo zifute uchafu, angalia kama kuna mkwaruzo.

Karatasi ya kati ya vali na bomba ndiyo ya kuogopa. Ndani ya nati inayoshika bomba kuna pete ya shaba, na ukikaza kupita kiasi inaminya bomba. Zaidi ya hapo, kufunga vali hakuzuii maji upande huo: ukifungua nati bila kumwaga maji ya mfumo mzima hadi chini ya kiungo, utaoga. Hiyo mwite fundi.

Kuhusu kuongeza maji: kila maji mapya huingia na oksijeni, na oksijeni huzaa kutu ndani ya rejeta. Ukishaziba, toa hewa, rudisha presha kati ya bar 1 na 1.5 mfumo ukiwa baridi, na ongeza dawa ya kuzuia kutu kufidia ile uliyoimwaga. Kisha acha karatasi kavu pale usiku kucha.