Maswali ya Wasomaji: Kijana wa miaka 14 anawezaje kuongoza wenzake kambini?

SWALI: Mimi ni mwalimu mlezi wa klabu ya mazingira katika shule moja ya sekondari huku Gongo la Mboto. Likizo ya Juni huwa tunawapeleka watoto wa shule za msingi kambini kwenye msitu wa Pugu, na safari hii tunataka vijana wetu wa kidato cha kwanza na cha pili, wenye umri wa miaka 13 hadi 15, waongoze vikundi vya wadogo zao. Mwaka jana tulijaribu, lakini walichofanya ni kufoka na kuandika majina ya watukutu. Tuwaandaeje?

JIBU: Ndugu Mwalimu, vijana wako waliiga uongozi waliouona tangu wakiwa darasa la kwanza. Kiongozi wanayemfahamu ni kiranja, ambaye mwalimu akitoka darasani husimama mbele na kalamu, huorodhesha wapiga kelele, kisha huikabidhi orodha hiyo ili wenzake waadhibiwe. Kwa hiyo jambo la kwanza katika mafunzo yako ni kumwondolea kijana mamlaka ya kuadhibu, na mahali pake kumpa wajibu wa kutunza. Mweleze mapema na waziwazi kwamba hatashika fimbo, hatampigisha mtu magoti wala kumrusha kichura, na hataandika jina la mtoto yeyote. Atakachoulizwa kila jioni ni kama watoto wake wamekula na kunywa maji ya kutosha, nani ametoka malengelenge mguuni, na nani hakusema neno kutwa nzima. Swali hilo la mwisho nalithamini kuliko yote, kwa sababu kijana anayejua kwamba ataulizwa habari za mtoto mkimya ataanza kumwangalia tangu asubuhi.

Idadi nayo ina uzito. Kijana mmoja apewe watoto watano au sita, wasizidi hapo. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea nchini Uingereza, mwezi Agosti 1907, aliwagawa wavulana wapatao 20 katika vikosi vinne, kila kikosi kikiwa chini ya mvulana mwenzao, na hadi leo skauti wanafuata mpangilio huo. Mbele ya watoto sita kijana huongea kwa sauti ya kawaida akasikika. Mbele ya ishirini atafoka tu, hata awe mpole kiasi gani.

Vijana wafike kambini siku mbili kabla ya wadogo. Siku ya kwanza mtu mzima awaongoze wao kama kwamba ndio watoto, nao watazame namna anavyosimamisha msafara, anavyomsubiri wa nyuma na anavyouliza maswali. Siku ya pili kila mmoja awaongoze wenzake katika njia ileile atakayopita na watoto, huku wewe ukifuata nyuma bila kuingilia. Hapo ndipo atakapojua pa kupumzikia kivulini, palipo na upupu, na pale siafu wanapokatiza njia. Usimkaririshe majina ya miti ishirini. Miti mitatu anayoifahamu kwa gome, jani na matumizi yake inatosha, mradi aweze kumshikisha mtoto gome hilo na kumuuliza analionaje.

Msitu wenyewe una mengi ya kuuliza. Pugu ni sehemu ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo ina mimea na wanyama wasiopatikana penginepo duniani, na kwa miaka mingi umepungua kutokana na kukata kuni na kuchoma mkaa kwa ajili ya majiko ya jiji letu. Kijana akiwauliza watoto mkaa wa nyumbani kwao unatoka wapi, mazungumzo yatakayofuata yatafika mbali kuliko hotuba yoyote ya mtu mzima.

Alasiri moja iachwe mikononi mwa vijana kabisa, waipange na kuiendesha wenyewe. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alipoanzisha mpango wa vijana wa kutunza mazingira uitwao Roots & Shoots mwaka 1991, hapa hapa Dar es Salaam, akiwa na wanafunzi wa sekondari, msingi uliowekwa ulikuwa vijana wachague wenyewe tatizo la kushughulikia katika mazingira yao. Mchezo walioupanga ukivurugika, uache uvurugike, kisha mkae pamoja jioni waeleze wenyewe kilichotokea. Ukilazimika kumsahihisha mmoja wao, mwite pembeni. Akikemewa mbele ya watoto wake, kesho yake atawakemea vilevile.

Yapo mambo ambayo hayakabidhiwi kijana. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na huyo kiongozi wako ni mmoja wao. Moto, dawa, ulinzi wa usiku na kuingia majini vibaki kwa watu wazima. Mkipanga kwenda Kunduchi kuona mikoko, mtu mzima ndiye aulizie saa za maji kupwa na kujaa, hasa nyakati za bamvua. Tena mtoto akimnong'oneza kijana kwamba kuna mtu anamuumiza, kijana asiahidi kutunza siri. Amfikishie mlezi habari hiyo siku hiyohiyo.

SWALI: Binti yangu wa kidato cha pili amechaguliwa kuwa kiongozi kambini. Ninahofia masomo yake, na ninahofia kwamba wasichana watapelekwa jikoni huku wavulana wakiongoza matembezi. Nimruhusu? — Mama, Mbagala

JIBU: Mama, upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili hufanyika mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo siku chache za Juni hazitamharibia masomo iwapo muda wa likizo unaobaki atautumia vizuri. Hofu yako ya pili ndiyo nzito. Omba kuiona ratiba ya zamu kabla hujatoa jibu: jikoni na msituni wazunguke wote, wavulana kwa wasichana, na kama wasichana wamepangiwa masufuria siku zote, waambie waandaaji kwamba hayo si mafunzo ya uongozi na wabadilishe. Uliza pia kama kuna mlezi wa kike atakayelala karibu na mahema ya wasichana, na kama kuna choo chenye mlango unaofungwa na maji ya kutosha kwa aliye katika hedhi. Wakikujibu yote hayo bila kusitasita, mfungashie soksi ndefu, tochi na firimbi, umruhusu aende.