Mwenye nyumba ananiuzia mwenyewe, anataka nusu ya fedha wiki hii

SWALI: Nimepata nyumba Kigamboni, Dar es Salaam, kwa shilingi milioni 65. Anayeuza ni mwenyewe, hakuna dalali kati yetu. Hati miliki nimeiona na ina jina lake. Anataka nusu ya fedha kabla ya Ijumaa, anasema kuna mteja mwingine. Nihakikishe nini kwanza?
Msomaji, Temeke

JIBU: Ndugu msomaji, usitoe hata shilingi kabla ya upekuzi, yaani kukagua kumbukumbu za nyumba hiyo serikalini. Hati uliyoonyeshwa inaweza kuwa ya kughushi, au halali lakini nyumba imewekwa rehani. Anayejua mmiliki wa leo ni nani ni Msajili wa Hati. Mwombe muuzaji namba ya hati, ya kiwanja na ya kitalu, kisha uombe upekuzi rasmi. Majibu yataonyesha jina la mmiliki, rehani na zuio (pingamizi la kuuza) kama lipo. Rudia upekuzi siku ya kulipa, kwa sababu zuio linaweza kuwekwa katikati ya mazungumzo yenu.

La pili ni mwenza wake, na hapa wanunuzi wengi huumia. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inazuia nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenza, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Kauli ya "mama watoto anajua" haitoshi. Asaini ridhaa mbele ya wakili, akiwa na kitambulisho. Muuzaji akisema hana ndoa, aape kwa maandishi. Na kama jina lililo kwenye hati ni la marehemu, anayeuza lazima awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto wa marehemu hakumpi mamlaka hayo.

Nenda kwenye kiwanja na mpima ardhi aliyesajiliwa, atafute bikoni, yaani mawe ya mpaka, na kuzilinganisha na ramani ya upimaji. Kigamboni ina ufukwe, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa bahari au mto. Kando ya barabara kuu, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ukuta ulioingia humo unaweza kuwekewa alama ya X, yaani ubomolewe.

Wapangaji wakiwepo, soma mikataba yao. Aliyekwisha kulipa kodi ya mwaka mzima hatakulipa wewe tena, hivyo punguzeni fedha hiyo kwenye bei. Dai pia stakabadhi za kodi ya pango la ardhi na bili ya maji, na uangalie kama mita ya umeme ya LUKU ina deni, kwani tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa humo.

Sasa fedha. Nusu ni nyingi mno. Wakili wako, si wa kwake, aandae mkataba wenye malipo ya awali madogo yanayorudishwa upekuzi wa pili ukionyesha tatizo. Lipa kwa benki, kwa akaunti yenye jina lililo kwenye hati. Msajili hasajili uhamisho bila uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato (TRA) kwamba kodi ya faida ya mauzo imelipwa. Kodi hiyo ni ya muuzaji, lakini akishachukua fedha zote na kuondoka, anayekwama ni wewe. Bakiza kiasi cha kutosha mpaka kodi ilipwe na fomu za uhamisho, namba 29, 30 na 35, zisainiwe. Ushuru wa stempu, takriban asilimia 1, kwa kawaida hulipa mnunuzi.

SWALI: Na kama nyumba haina hati, ina karatasi ya mauziano tu?

JIBU: Hapo hakuna daftari la Msajili la kukusaidia, hivyo mashahidi ndio kinga yako. Dai mikataba yote ya mauziano tangu mmiliki wa kwanza, bila pengo. Majirani wa pande zote nne waonyeshe mpaka na wasaini. Kisha uliza idara ya mipango miji ya manispaa kama eneo hilo limetengwa kwa barabara, shule au matumizi mengine ya umma.