Toleo kwa toleo au kungoja juzuu: jinsi ninavyoamua siku hizi

Ndugu, umeuliza kama uendelee kununua komiki zako toleo kwa toleo kila mwezi, au uvute subira mpaka zikusanywe kwenye juzuu. Wengi wamekupigia hesabu ya fedha na hawajakosea. Juzuu ya matoleo matano au sita karibu kila mara ni nafuu kuliko kuyanunua moja moja, haina matangazo, na unaweza kumwazima mtu bila roho kukudunda. Kama kinachokusumbua ni hicho tu, ngoja juzuu. Mimi nimenunua kwa njia zote mbili kwa miaka mingi, na kilichonibadilisha msimamo hakikuwa bei.

Kulikuwa na mfululizo wa mchapishaji mdogo. Nilinunua juzuu yake ya kwanza, matoleo 1 hadi 5, nikaimaliza usiku mmoja na kesho yake nikairudia. Kisha nikatulia kungoja ya pili. Haikuja. Mfululizo ulikatwa kwenye toleo la 8 kwa kukosa wanunuzi, na yale matatu ya mwisho hayakukusanywa popote. Ilinichukua karibu miaka miwili kuyapata. La 7 lilikuwa limelowa maji, kurasa za nyuma zimegandamana, nikawa nazibandua taratibu kwa ncha ya kisu. Nilipofika mwisho wa hadithi niliumia sana. Niliipenda kazi ile kweli, ila wakati mauzo yake yanahesabiwa, mimi sikuwemo.

Ukijua mambo yanavyokwenda utaelewa. Kwenye soko la komiki za Kimarekani, duka huagiza matoleo miezi kama miwili kabla hayajatoka, na kwa kawaida yakidoda hayarudishwi. Hasara inabaki kwa mwenye duka. Ndiyo maana jina jipya huagizwa kwa woga, nakala chache. Mwandishi na mchoraji wanaomiliki kazi yao mara nyingi hutegemea matoleo ya mwanzo kuwalipia kurasa zinazofuata. Juzuu hutoka baadaye, na mara nyingi uamuzi wa kuendelea au kufunga unakuwa umeshapita. Mchoraji anapotuomba tuagize mapema, hafanyi mbwembwe za biashara; anaombea kazi yake uhai.

Kwa hiyo mimi nimegawanya hivi. Mashujaa wa wachapishaji wakubwa, Marvel na DC, nawangojea kwenye juzuu, kwa sababu Batman na Spider-Man hawatakosa kukusanywa. Kazi mpya ya watu wasiojulikana sana naichukua toleo kwa toleo, walau matatu ya kwanza. Nikiona haijanishika, naacha.

Lakini kuna usomaji wenyewe, na hili watu hulipita haraka mno. Toleo la kawaida lina kurasa 20 hadi 22 za hadithi, na mwandishi anayeijua kazi yake anafahamu kwamba ukurasa wa mwisho utalala na msomaji mwezi mzima. Nina hadithi moja kwa namna zote mbili. Kwenye toleo, ukurasa wa mwisho unamwonyesha mama ameshika kitasa, na kwenye mwanga chini ya mlango kuna vivuli vya miguu miwili. Basi, imeishia hapo. Mwezi mzima nilitembea na ile miguu kichwani, nikawa naibishania na rafiki yangu, kila mmoja na mtu wake aliyemweka nyuma ya mlango. Kwenye juzuu, majalada yamehamishiwa mwisho wa kitabu: unafunua karatasi, mlango uko wazi. Michoro ni ileile, ila hofu imeyeyuka.

Zipo pia zilizoandikwa tangu mwanzo kwa ajili ya juzuu, hadithi ya matoleo mawili ikavutwa hadi sita. Ukiisoma kila mwezi, kufikia la nne umeshasahau majina. Za namna hiyo ngoja, au zilimbikize tatu tatu ndipo usome.

Angalia vilevile kinachoachwa nje. Mwandishi Ed Brubaker na mchoraji Sean Phillips, kwenye mfululizo wao Criminal, walikuwa wakiweka nyuma ya matoleo makala kuhusu filamu na vitabu vya uhalifu ambazo hazikuingia kwenye juzuu. Makala zile nazithamini karibu sawa na hadithi yenyewe. Ila mwaka 2020 wawili haohao walianza Reckless moja kwa moja kama vitabu kamili, na hapo hakuna cha kuchagua.

Juzuu nene nazo zina taabu yake. Ile kubwa ya kwanza ya The Walking Dead ina matoleo 48. Kuisoma umelala ni mateso ya mikono. Na kwenye vitabu vinene vya namna hiyo, mchoro uliotandazwa kurasa mbili mara nyingi humezwa katikati kwenye mshono. Mfululizo huo ulimalizwa ghafla mwaka 2019 na toleo la 193, bila tangazo lolote. Waliokuwa wananunua kila mwezi walishtuka wakiwa na ukurasa mkononi. Mimi niliyekuwa nangoja juzuu nilisikia kwa watu.

Usinunue hadithi moja kwa njia zote mbili, labda ile unayoirudia kila mwaka.

Umesema mfululizo wako uko toleo la tatu, waandaaji ni wapya, na umeusoma mara mbili. Nenda dukani wiki hii, uwaambie wakuwekee la nne na la tano kwa jina lako.