Punguzo dukani: nani apewe, na kwa hesabu ipi?

SWALI: Ninauza madera kupitia duka la mtandaoni. Mteja mpya humpa punguzo la asilimia 20, na anayenunua vitu vinavyozidi shilingi 100,000 humpunguzia asilimia 10. Wateja wa zamani wananung'unika kwamba wanabaguliwa, wengine hutumia kuponi mbili kwa pamoja, na mmoja alinunua madera matatu, akapata punguzo, kisha akarudisha moja. Niweke masharti gani yasiyomwonea mtu?
Muuza madera, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, hesabu yako ianzie kwenye faida. Tuseme dera umelinunua kwa shilingi 30,000 na unaliuza kwa 40,000. Ukilipunguza kwa asilimia 20 litauzwa 32,000, na faida itashuka kutoka 10,000 hadi 2,000, hivyo utalazimika kuuza madera matano ili upate ulichokuwa ukikipata kwa moja. Ukikubali na kuponi ya pili ya asilimia 10, litauzwa 28,800, nayo ni hasara tupu. Kwa hiyo ruhusu kuponi moja kwa kila oda, ila mteja atumie ile yenye nafuu zaidi kwake.

Manung'uniko ya wateja wa zamani, kwa maoni yangu, yana haki. Mpe mgeni asilimia 10 kwa oda ya kwanza, na kiwango hicho hicho kimrudie kila mteja baada ya oda kadhaa utakazozitaja wazi.

Kuhusu madera matatu, mteja alilipa 108,000 badala ya 120,000. Akirudisha moja kwa sababu amebadili nia, mawili yaliyobaki hayafikii kiwango cha punguzo, hivyo yahesabiwe 80,000 na arudishiwe 28,000. Lakini kama dera lilikuwa na kasoro, kosa si lake, basi arudishiwe 36,000 kamili. Sharti hili lisomeke kabla hajalipa, la sivyo huna haki ya kumkata.

Jihadhari pia na kupandisha bei ili uishushe kesho yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bei. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Mei 2022, muuzaji anayetangaza punguzo hutakiwa, kwa kawaida, kuonyesha bei ya chini kabisa aliyouzia katika siku 30 zilizotangulia, na kipimo hicho unaweza kukitumia hata hapa. Andika pia tarehe na saa ya mwisho wa punguzo, na muda huo ukifika, bei irudi.